Papai Lile Lile

Bramwel aliingia kwenye ofisi za gazeti, ghorofa ya nne katikati ya jiji, akiwa bado amevaa gambuti. Alitoka moja kwa moja machinjioni Dagoretti, na watu kwenye lifti walimpisha. Alikuwa amemtafuta Joyline kwa jina, kwa sababu aliambiwa huyo ndiye mwandishi anayeweza kumpata mtu yeyote kupitia mtandao.

"Sista yangu Phoebe ako hai kwa simu tu," alisema. "Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi anaweka picha. Mama kule nyumbani Khayega anafurahi, anamjibu. Lakini ukimpigia, hashiki. Ukimwambia mkutane, ako bize. Miaka miwili na miezi miwili sasa, madam."

"Anafanya kazi wapi?"

"Kwa mama mmoja Mhindi, Spring Valley. Nyumba sijui."

Joyline alikuwa amewafukua watu waliojificha vizuri kuliko huyo. Alifungua ukurasa wa Phoebe akidhani atamaliza kabla ya chai ya saa nne. Picha zilikuwa ishirini na sita. Mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, amesimama bustanini, mwezi mmoja kwa kitenge cha manjano, mwezi unaofuata kwa gauni la kanisani, mwezi mwingine kwa sweta ya buluu. Joyline alizipitisha kwenye mitambo ya kutafuta picha, aone kama ziliibwa mahali. Hazikuwa kwingine kokote. Basi akazipanga zote pamoja kwenye skrini na kusogeza kiti.

Ndipo alipoliona papai.

Nyuma ya bega la Phoebe kulikuwa na mpapai, na papai moja lilikuwa limedonolewa na ndege, shimo dogo jeusi kwenye upande ulioanza kuiva. Lilikuwa kwenye picha ya kwanza. Lilikuwa kwenye ya kumi. Kwenye ya wiki tatu zilizopita lilikuwa pale pale, halijaoza, halijaanguka, na shimo lake lile lile.

Ishirini na sita zote zilipigwa siku moja.

Hakumwambia Bramwel siku hiyo. Alichukua kipande cha lango kilichoonekana pembeni mwa picha moja, lango la kijani lenye tausi wa shaba, akafungua ramani ya mtandaoni yenye picha za barabara. Kwa siku mbili alizunguka Spring Valley bila kuondoka kwenye kiti, ua baada ya ua, akisukuma mshale mbele. Jumatano mchana alimwona tausi. Na mbele ya lango alisimama mwanamke mwenye ufagio, amegeuka kulitazama gari lililopita likipiga picha. Uso wake ulikuwa umefutwa na mtambo, kama nyuso zote kwenye ramani ile, ila sweta ilikuwa ya buluu. Joyline alisogeza mshale hatua moja. Lango lilikuwa tupu. Akarudi nyuma. Mwanamke akawepo tena, akimtazama bila macho.

Alifunga kompyuta, akachukua mkoba.

Aliyefungua lango alikuwa mwanamke mzee mwenye sari nyeupe, Kanchan, mjane aliyezaliwa Ngara kwenye nyumba za nyuma ya maduka, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko. Joyline aliposema jina la Phoebe, mzee hakuuliza anatoka wapi. Alimpeleka bustanini akamkalisha. Mpapai ulikuwa umekatwa. Kilibaki kisiki tu.

"Alikuwa na saratani," Kanchan alisema. "Daktari alimpa wiki sita. Mama yake alikuwa ameshazika watoto wawili. Phoebe aliniambia, huyu mama asizike wa tatu. Siku moja akapata nguvu, akatoa nguo zote kabatini. Alibadilisha mara thelathini, mimi nikimfunga vifungo na kumpiga picha. Kila picha aliniambia ya mwezi gani."

"Na maneno?"

"Mwanzo yalikuwa yake, aliyaacha kwa daftari. Yakaisha. Sasa ni yangu." Alishika pindo la sari. "Mama anauliza, nakula vizuri? Namjibu, nakula. Anauliza, mgongo unaniuma bado? Na unaniuma, kweli. Siku nyingine naandika mpaka nasahau nani alikufa."

Joyline alikitazama kile kisiki.

"Zimebaki nne," Kanchan akaongeza. "Nilifikiri mama angetangulia. Mungu anisamehe."

Kesho yake Bramwel alipelekwa kwenye kaburi la Phoebe huko Lang'ata, namba tu kwenye kibao cha mabati. Alilia kwa muda mrefu, amechuchumaa. Kanchan alisimama mbali, akingoja kutukanwa. Hakutukanwa. Jioni ile Bramwel alipanda basi la kwenda nyumbani, kwa sababu jambo kama hilo haliwezi kusemwa kwa simu.

Jumatatu alimpigia Joyline. Sauti yake ilikuwa chini.

"Mama alikuwa anajua."

"Nani alimwambia?"

"Phoebe. Anasema alikuja asubuhi moja, akasimama kwa mlango wa jikoni, mvua imemnyeshea na nje kumekauka. Hakusema kitu. Mama akaishika hiyo tarehe. Madam, ni siku ile ile Kanchan alinitajia kuwa alikufa, na mimi sikuwa nimemwambia Mama."

"Lakini amekuwa akijibu kila mwezi."

"Nilimuuliza hivyo. Akasema, nilimhurumia anayeandika. Nikaona huyo mtu ako na upweke, akikosa wa kumuuliza habari ya mgongo wake ataisha. Sasa Mama anataka huyo mtu amwambie jina lake mwenyewe."

Joyline hakuandika habari ile. Alimpelekea Kanchan namba ya simu ya mama wa Khayega kwa mkono, kwenye karatasi. Mzee aliisoma mara mbili, akaomba aachwe peke yake. Alipofika langoni Joyline alisikia simu ikipigwa ndani, kisha Kanchan akijitambulisha kwa jina lake mwenyewe, polepole, kama mtu anayejifunza kulitamka.