Jani Lililolala Kwenye Chai

Usiku wa jana, baada ya kununiana na mama kwa sababu ya kikombe, niliota.

Nianze na kununiana kwenyewe, maana ndoto haikujisumbua kueleza. Mama yangu, Bi Sikudhani, mikono inamtetemeka. Ilianza kidogo kidogo, sasa hata ufunguo unamhangaisha mlangoni. Na kwetu Tanga chai ya arusi hujazwa mpaka ukingoni. Ukimpa mgeni nusu kikombe umemtukana, na mgeni akiomba nusu, watu watataka kujua ana nini. Kwa hiyo mama ameacha kwenda arusini. Anasema miguu inauma. Jumamosi Mwanashehe, binti wa mdogo wake, anaolewa, na miguu imeshaanza kuuma.

Mimi kazi yangu ni kubuni vyombo vya udongo. Nilimtengenezea kikombe chenye masikio mawili na kifuniko chenye tundu. Kingine kama hicho nikakipeleka kwenye maonesho ya sanaa ya kisasa, nikijisifu kimoyomoyo kwamba ubunifu wangu unafaa watu. Mama alikishika, akakigeuzageuza, akakirudisha mezani. "Hiki cha mtoto," alisema. Nikamjibu vibaya, tukalala bila kuagana.

Katika ndoto nipo mlangoni pa maonesho. Mlinzi ni kiti. Ni kiti kizuri cha mbao iliyopindwa, nacho kimesimama kwa miguu miwili, ile mingine kimeikunja kifuani.

"Umesoma tangazo?" kinauliza.

Ukutani pameandikwa USIGUSE.

"Nimesoma. Sitagusa kitu."

"Na sakafu je?"

Nachungulia ndani. Watu wote wanatembea wakiwa wameinuka kidogo juu ya sakafu, na wengine wameshika viatu mkononi kwa adabu. Nami navua ndala, najiinua. Si kazi ngumu, unabana pumzi tu na kuacha kufikiria uzito.

Humu ndani kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza, kama wahenga walivyosema, ila wao sijui kama waliwahi kuyaona kwa macho. Vitu vizuri vimekaa kimya. Taa moja ya chupa za plastiki inajiuza kwa bibi mwenye miwani, inapokea hela na kumrudishia chenji. Vitu vibaya vinazunguka ukumbini vikijinadi. Picha kubwa ya samawati inanifuata nyuma, inaniambia imeshusha bei. Naiambia sina ukuta. Inasema hata sakafuni italala.

Halafu nakiona kikombe changu kinakuja, masikio yake mawili kama mtu aliyeshika kiuno.

"Zamda," kinasema, "nimezunguka tangu asubuhi."

"Hakuna aliyekutaka?"

"Mtoto mmoja. Mama yake akamwambia ameshakua."

"Na mama yangu alisema wewe ni cha mtoto."

"Alimwambia ndugu yangu, nami nikapata habari. Nimejitazama kwenye kioo cha pale. Hajakosea."

Linaingia birika kubwa la shaba, ambalo kila mtu anajua ndilo jaji. Linachukua kikombe cha kawaida, cheupe chenye maua, kama vile vya mama kabatini. Linamimina chai ya tangawizi mpaka inasimama juu ya ukingo, kisha linanikabidhi.

"Mpelekee mama yako," linasema. "Likimwagika hata tone, haendi tena arusini. Ya Mwanashehe wala ya mwingine yeyote."

"Naomba iwe nusu."

Ukumbi mzima unageuka kunitazama. Kule mlangoni kiti kinainama kwa aibu.

"Basi ijae," nasema.

Ukumbi si ukumbi tena. Ni uani kwa mama mdogo, turubai limefungwa, mikeka imetandikwa, wanawake wanajipepea kwa ncha za kanga. Bado wameinuka kidogo juu ya mikeka. Mama yuko mwisho kabisa, karibu na mlango wa kutokea, mikono ameificha ndani ya kanga. Ananitazama. Napiga hatua, na mikono yangu inaanza kutetemeka.

Naitazama vizuri. Si yangu. Ni mikono ya mama, na pete yake ya fedha iliyolegea, na kovu la mafuta ya maandazi kwenye kidole gumba. Naituliza, inazidi. Naibana kifuani, inakitetemesha na kifua. Chai inapanda upande mmoja, inashuka, inapanda wa pili. Na wale wanawake wakigeuza macho tu, mikono inajua, inatetemeka zaidi. Hilo sikuwa nikilijua. Siku zote nilidhani shida ni chai. Namwonea mama huruma, na najionea haya kwa kile kikombe cha masikio mawili, ambacho macho yote ya arusini yangekikimbilia.

Hapo anapita mwanamke wa chuma chakavu. Ni sanamu ya kwenye maonesho: kiuno cha rimu ya baiskeli, vidole vya misumari, shingo ya springi. Kichwani ana ndoo ya maji iliyojaa, naye anacheza ngoma ya arusi kwa mabega na kiuno. Hata tone halidondoki.

"Dada, unafanyaje?" namuuliza.

"Mimi ni sanaa," anasema. "Huwa sijui. Iulize ndoo."

"Mimi nimebebwa," inasema ndoo. "Liulize jani."

Mwanamke wa chuma anapiga magoti ili nione. Juu ya maji limelala jani la mpera.

"Unafanyaje?"

"Nimelala," linasema, bila kufumbua macho.

"Na maji je?"

"Maji yakitaka kuinuka yananikuta nimelala. Yanaona haya kuniamsha."

Nikakumbuka. Utotoni, kijijini kwa bibi, hakuna msichana aliyejitwisha ndoo kutoka kisimani bila kutupia majani juu ya maji yasimwagike. Nilifanya hivyo kila siku wala sikujua kuwa ni ubunifu. Kisha nikaenda chuo, nikafundishwa vifuniko.

"Nakuomba uje ulale kwenye chai," naliambia jani.

"Ni ya moto?"

"Ya moto."

"Haya. Lakini tangazo umelisoma. Mimi ni wa maonesho."

Namtazama mama kule mlangoni. Ameanza kukusanya kanga yake, anataka kuondoka. Nanyoosha mkono wake, ule wenye kovu, nalishika jani.

Watu wote wanaanguka chini kwa pamoja. Hakuna anayelalamika. Naliweka jani kwenye kikombe, linajigeuza upande mmoja, linaendelea na usingizi, na chai inatulia chini yake. Natembea. Mikono inatetemeka vilevile, lakini chai haina habari. Wanawake wanarefusha shingo.

"Mbona mimi sikutiliwa jani?" anauliza mmoja.

"Wanapendelewa watu wa upande wa mama," anajibu mwenzake. "Na mimi nataka ya jani."

Mama anatoa mkono wake ndani ya kanga ili apokee. Ni mkono wangu.

Nikaamka. Kulikuwa kumekucha. Mlango ulisukumwa kwa kiwiko, akaingia mama na kile kikombe cheupe chenye maua juu ya kisahani. Siku nyingi mama hajamletea mtu chai humu ndani. Kikombe kilikuwa kimejaa mpaka ukingoni, na mikono yake ilitetemeka kama kawaida yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kunywa, tusinuniane. Lakini na wewe, kuwatilia watu majani kwenye vikombe ndiyo nini? Nimemimina, naona linaelea. Kwa vidole hivi nikashindwa kulitoa."

Lilikuwa jani la mpera. Tunakaa ghorofani, na mtaa wetu mzima hauna mpera.

Nilikipokea kikombe kwa mikono miwili, nikatazama kisahani. Kilikuwa kikavu. Nilipoinua macho nikamkuta mama naye anakitazama, kisha akaketi kitandani pangu.

"Hiyo sare ya Jumamosi," alisema, "mmechagua rangi gani?"