Chumba cha Nne

Tangu Januari, Kuluthum alikuwa amefuta namba zote kwenye milango ya ploti yake pale Karagita. Wapangaji, vibarua wa mashamba ya maua, walivijua vyumba vyao. Mtu mwingine hakuwa na haja ya kuvijua. Vijana waliokuja na marungu mwezi huo, baada ya uchaguzi, kuwasaka watu wa makabila mengine, walikuwa na karatasi, na karatasi ilijua kwamba mpangaji wake Obura analala chumba cha nne.

Kwa hiyo huyu msichana aliyeketi uani, akifungua katoni iliyokatwa vyumba kama nyumba ya kuchezea watoto, alimtia wasiwasi mapema. Aliitwa Unnati, mwanafunzi wa chuo kutoka Nakuru. Alisema kwa sauti ndogo kwamba siku zijazo nyumba zitakuwa na mashine zinazoona na kusikia, naye anatafiti watu watazikubali wapi na watazikataa wapi.

"Mashine ndizo hizi, mama." Akapanga viberiti vitupu vilivyochorwa macho na masikio. "Utaziweka unapopenda. Lakini kwanza tuandike nani analala wapi."

"Nani amekutuma?"

"Mwalimu wangu."

"Na yeye ametumwa na nani?"

Unnati akainama. "Sikumuuliza."

"Kwenu je, umeandika nani analala wapi?"

"Bado, mama."

"Kwenu ni wapi?"

"Milimani."

"Ehe. Milimani kwa matajiri mna mageti, ndiyo maana ukaja kwangu."

Hata hivyo Kuluthum akamtajia wapangaji, jina moja moja, bila la baba, lisije likataja kabila. Kidole chake kilipofika mlango wa nne akasema, "Hii ni stoo. Makaa." Obura alikuwa amerudi kutoka kambi ya wakimbizi wiki mbili tu zilizopita, na majirani walidhani yuko Kisumu.

Kisha akaokota kiberiti chenye jicho. "Hili likiona, linamwambia nani?"

"Mwenye nyumba. Na labda kampuni iliyolitengeneza."

"Labda." Akakiweka nje kabisa ya katoni, kwenye vumbi. "Likae barabarani, liwatazame wanaokuja."

Hapo ndipo mtu akakohoa nyuma ya mlango wa nne. Kikohozi cha mwanamume, mara mbili.

Kalamu ya Unnati ikasimama. Akautazama mlango, kisha uso wa Kuluthum, muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Halafu akaandika. Kuluthum akajiinamisha kusoma: *Stoo.*

"Nipe hiyo karatasi."

Unnati akampa. Kuluthum akaisukuma kwenye jiko lililochemsha chai kando yao, akaingoja mpaka ikawa majivu, ndipo akamimina chai.

"Kunywa," akasema. "Lakini ukirudi, kalamu uiache kwenu."