Kinyozi Aliyeishiwa Maneno

Wateja walisema mdomo wa kinyozi yule ungeweza kunyoa bila wembe. Kwa miaka mitatu ulikuwa na habari moja tu: binti yake wa pekee, aliyeitwa Profesa tangu darasa la pili, atasoma chuo kikuu kile ambacho hata watoto wa wakubwa hukosa nafasi. Nafasi ikapatikana kweli. Siku hiyo alinyoa huku akiimba.

Wiki mbili baadaye, wakiwa mezani, Profesa akasema, "Baba, mama, nimewaandikia kwamba siendi."

"Umemwandikia nani?" mama aliuliza. Alikuwa mfuaji wa mashuka hospitalini, mtu wa maneno ya kuhesabu.

"Chuo kikuu. Nakwenda chuo cha ualimu wa viziwi. Wamenipokea."

Mwaka mzima alikuwa akijifunza lugha ya ishara kwa mtoto kiziwi wa jirani. Wazazi walidhani ni mchezo.

"Mtaa mzima unajua!" kinyozi alifoka. "Nitaficha wapi uso?"

"Sikukutuma utangaze, baba."

Asubuhi ya safari, mama alimsindikiza kituoni peke yake. Kinyozi alisema ana mteja. Hakuwa na mteja. Alikaa kwenye kiti chake cha kunyolea, akitazamana na uso wake kiooni mpaka alipojua basi limeshaondoka.

Wateja wakaanza. "Profesa keshakwenda?"

"Keshakwenda."

"Chuo kinasemaje?"

"Kizuri."

Kila jibu lilikuwa kweli, ila hakutaja ni chuo kipi. Akawa anafungua redio kwa sauti kubwa ili asiulizwe. "Kinyozi, umemeza wembe?" walimtania. Nyumbani, mke naye alizidi kuchelewa kurudi. Walikula wakisikilizana wanavyotafuna.

Alasiri moja alifunga duka akamfuata mkewe kazini, mahali ambapo hakuwahi kukanyaga. Alimkuta kwenye chumba cha chini, katikati ya marundo ya mashuka, simu imeegemezwa kwenye ndoo, akichezesha vidole hewani.

"Unafanya nini?"

Mama alishtuka. "Najifunza. Mwanao ananitumia video. Hii ni 'mama'."

"Na 'baba'?"

Mama aliinamisha macho. "Hiyo hajatuma."

Kinyozi alishika ncha mbili za shuka, mkewe akashika mbili. Wakakunja moja, wakakunja nyingine.

"Wenzako wanasemaje juu ya Profesa?" aliuliza.

"Wenzangu gani? Humu niko na mashine."

Miaka yote hiyo alikuwa hajui kwamba mkewe hushinda bila mtu wa kusema naye. Alitamani kumwomba radhi, lakini hakujua aanzie wapi, akachukua shuka jingine.

Kesho yake alizima redio. Mteja wa kwanza alikuwa karani wa posta, mtu aliyesikia sifa za Profesa kuliko wote.

"Binti yangu alikataa chuo kikuu," kinyozi alisema. "Anasomea kufundisha viziwi."

"Ahaa," karani alisema. "Vizuri. Hapa nyuma punguza kidogo."

Basi, ikaishia hapo. Aibu aliyoibeba miezi miwili, mtaa haukuwa na habari nayo. Alidhani angepumua, badala yake alijiona mpweke zaidi, kwani kumbe hata zile sifa hakuna aliyekuwa akizisikiliza.

Mchana alimpigia Profesa. Simu iliita mpaka ikakatika. Akasubiri kidogo, akapiga tena.