Mafiga Chini ya Kigongo

"Lifukie."

"Silifukii, mama."

"Mniko, mnyang'anye shemeji yako hilo jembe, ulifukie hilo shimo sasa hivi!"

Mniko hakusogea. Alikuwa amesimama ndani ya shimo lenyewe, ukingo umemfika kifuani, na macho yake hayakuwa kwa mama yake wala kwa shemeji yake. Yalikuwa miguuni pake.

"Mnaweza kugombana mnavyotaka," alisema, "lakini kwanza mnitoe humu."

Shimo lilikuwa la choo. Choo cha zamani kilikuwa kimetitia siku tatu kabla, katika zile mvua za mwaka tisini na saba ambazo redio ilizipa jina la Elnino. Pelagia hakuwa mwanamke wa kuacha watoto wanne wajisaidie vichakani. Alimwita shemeji yake, akamwonyesha mahali nyuma ya jiko, akamwambia achimbe. Mniko akachimba hadi kifuani, na hapo koleo likagonga jiwe. Akasogea pembeni, jiwe. Upande mwingine, jiwe la tatu. Alipofagia udongo kwa kiganja, yakatokea mafiga matatu yametazamana kama yanavyotazamana mafiga ya kila jiko, na katikati yake majivu. Kando kulikuwa na chungu kilichopasuka, na jiwe la kusagia lililokuwa bado na mwanawe, lile jiwe dogo la mkononi, juu. Aliyekuwa anasaga hakuwa amemaliza.

"Ni mawe tu," alisema Wankyo, mama yake Mniko. Alikuwa mwembamba, mrefu, mwenye sauti iliyozoea kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde. "Umetoka huko Majita kwenye kula furu wa ziwani, mama Hyasinta, hujawahi kuona mawe?"

"Mawe nimeona, mama. Sijaona mtu anayepika chini ya ardhi."

"Labda ni kaburi," alisema Mniko.

"Kaburini watu husagaga mtama, shemeji? Panda utoke."

Pelagia alimpa mkono, akamvuta. Kisha akakaa ukingoni mwa shimo na kutazama ukuta wake. Udongo ulikuwa wa namna moja toka juu hadi chini: mweusi, laini, umechanganyika na mawe makali yasiyo na mpangilio. Udongo unaokaa mahali pake miaka na miaka huwa na tabaka. Huu haukuwa na tabaka hata moja. Huu ulifika siku moja.

Bonde la Nyaberere ni dogo. Ukisimama kwenye barabara itokayo Nyamuswa huwezi hata kujua kwamba lipo. Unaona vilima viwili vimeegemeana mabega, basi. Lakini ukifuata njia ya ng'ombe unaingia katikati yake, unakuta kijito, majani mabichi, na chini ya kilima kikubwa nundu pana ya ardhi wanayoiita Kigongo. Waliotangulia walikuja na ng'ombe, wakajenga juu kwenye miamba, Kigongo wakakiacha kwa malisho. Kwa nini, hakuna aliyeuliza. Wakaja Wazungu na mabwana shamba wao, wakalazimisha watu kuchimba matuta kukinga kilima, na asiyechimba akapigwa faini. Uhuru ulipopatikana watu waliyasawazisha matuta yale kwa nyimbo. Mwaka sabini na nne ikaja Operesheni, mgambo wakaezua nyumba, kila mtu akapelekwa kijijini barabarani. Bonde likalala miaka kumi na moja, miti ikaota hadi kileleni.

Waliporudi, dunia ilikuwa imegeuka. Ilikuwa miaka ya ruksa. Mwenye cha kuuza auze. Duka la kijiji lilikuwa halina sabuni wala chumvi, na miti ilikuwa pale juu, haina mwenyewe. Mniko alikuwa wa kwanza kupandisha shoka. Kwa miaka kumi mkaa wa Nyaberere ulipika ugali wa nusu ya Bunda.

Na Kigongo? Hapo ndipo Pelagia alipokuwa na lake la kujibu. Alikuwa na diploma ya kilimo. Alikuwa bibi shamba wa wilaya, na mumewe Enoka alipomleta kuona nyumbani kwao, ndiye aliyepiga magoti juu ya Kigongo, akachukua udongo, akaubana kiganjani, akaunusa, akasema, "Hapa. Tujenge hapa. Sijaona udongo kama huu mkoa mzima." Alikuwa ameupima udongo vizuri kabisa. Hakuuliza umetoka wapi.

"Mniko," alisema sasa, akasimama. "Twende juu."

"Mvua hii?"

"Hivyohivyo."

Wankyo aliwapigia kelele waufunike mdomo wa shimo kabla watoto hawajarudi kutoka shule. Pelagia akatupia mabanzi mawili juu yake, akapandisha mlima.

Walipita kwanza kwenye chemchemi, pale familia nzima ilipokuwa inachota tangu warudi. Mvua ilikuwa imenyesha siku kumi na tisa mfululizo. Chemchemi ilikuwa kavu. Pelagia aliinama akaingiza kidole kwenye tundu la mwamba, kikatoka na unyevu tu.

"Imezibwa na majani," alisema Mniko.

"Haina jani hata moja. Maji yamepata njia nyingine, shemeji. Yapo ndani ya mlima."

Wakaendelea. Visiki vya Mniko vilikuwa kila mahali, na vile vichache alivyokuwa ameviachia machipukizi vilikuwa vimeinamia bondeni vyote, kama watu wanaotazama kitu. Juu ya visiki, palipokuwa na tanuru lake la zamani, kulikuwa na ufa. Pelagia alikuwa ameuona siku choo kilipotitia, na alikuwa amefanya jambo dogo: alichomeka vijiti viwili, kimoja upande huu na kimoja upande ule, shubiri moja kati yake. Alipiga magoti, akapima kwa mkono.

Shubiri moja. Mbili. Tatu, na vidole viwili.

Akaingiza mkono ndani ya ufa. Uliingia hadi kwapani, na chini huko vidole vyake vikahisi hewa baridi inayotoka, na ndani ya hewa ile sauti ya maji yanayotembea.

Mniko aliona uso wake. Hakufanya mzaha tena.

"Tumwambie mwenyekiti," alisema.

"Nilimwambia juzi. Amesema ataleta mtaalamu kutoka wilayani."

"Si vizuri?"

"Mtaalamu wa wilayani alikuwaga mimi, Mniko. Walinipunguza kazi mwaka tisini na nne, na hawakuweka mwingine."

Aliangalia chini. Kutoka pale nyumba yao ilionekana kama kisanduku cha kiberiti, mabati yake yanang'aa mvuani. Jiko linafuka. Kibanda cha Mniko pembeni, mtupu, kwa kuwa mkewe alikuwa kwao Butiama akisubiri kujifungua. Ng'ombe mmoja kwenye kamba. Akaona watoto wake wanne wanaingia uani kutoka shule, Hyasinta, mkubwa wao, mbele amemshika mdogo mkono, sare zimelowa. Wote walikuwa wanaelekea mahali palepale alipopachagua yeye.

Waliteremka haraka.

Wankyo alikuwa jikoni, ameketi kwenye kigoda chake, amewakalisha wajukuu kuzunguka moto. Pelagia hakuzungusha maneno.

"Mama, tunahama leo. Tunakwenda kigangoni, kule kwenye mwamba karibu na barabara. Padri ameacha ufunguo kwa katekista."

"Nendeni salama."

"Na wewe."

"Mimi siendi." Aligeuza gunzi motoni. "Walishanitoa bonde hili mara moja. Walikuja na bunduki, wakaezua nyumba yangu nikiwa ndani, na uji uko jikoni. Mzee wangu alifia kule barabarani, kwenye nyumba za mistari, anauliza kama chemchemi bado inatoa maji. Niliapa. Mtu hatanitoa tena chini ya paa langu mimi mwenyewe nikiwa na miguu."

"Chemchemi imekauka, mama."

Wankyo alichochea moto. "Huwaga inakauka."

"Mvuani?"

Pelagia akachuchumaa mbele yake, kwa heshima, maji yanamchuruzika kwenye kanga.

"Mama, ile hadithi unayowaambia watoto wakikataa kulala. Ya mlima. Iseme."

"Saa hizi? Hadithi za mchana huotesha mkia."

"Iseme bibi," alisema mtoto mdogo.

Wankyo alimtazama mjukuu wake, na kwa kuwa hakuweza kumnyima kitu, akaanza kwa sauti ndogo. "Hapo kale mlima ulikuwa na kiu. Kilele kikawaambia mawe: chemchemi imekatika, twendeni wenyewe bondeni tukanywe. Mlima ukashuka. Ukakuta watu wanapika. Ukawaambia, endeleeni kupika, mimi nanywa tu. Wakaendelea kupika. Na mlima..."

Aliishia hapo. Watoto waliijua iliyobaki, na Hyasinta akaimalizia kama alivyokuwa akiimaliza kila siku, "Na mlima ukalala palepale, mgongo juu."

Mniko, aliyekuwa amesimama mlangoni, alijikuta anatazama kule nyuma, kwenye mabanzi mawili yaliyofunika shimo.

"Ni hadithi ya watoto," alisema Wankyo, lakini gunzi lilikuwa limemponyoka.

"Uliambiwa na nani?"

"Na mama mkwe wangu. Naye na wake."

"Basi walikuwa wanatuambia, mama. Sisi tulikuwa tunalala."

Bikizee akashika magoti yake kwa mikono miwili, akakaza taya. "Chukua watoto. Watoto ni wako. Mimi nipo chini ya paa langu."

Pelagia alimjua mama mkwe wake kwa miaka kumi na mitano. Alijua kwamba angeweza kumwomba hadi jioni, angeweza kumtuma katekista, angeweza kumwita Enoka aache genge lake la mitumba kule mjini, Mukendo, na kuja kupiga magoti, na yule mama angebaki kwenye kigoda chake. Kumbeba? Mniko asingethubutu kumgusa mama yake. Na jioni yenyewe haikuwa yao. Ufa ulikuwa umefika shubiri tatu na vidole viwili.

Chini ya paa langu, alikuwa amesema Wankyo.

Pelagia alisimama. Akatoka, akaingia stoo, akatoka na nyundo ya kung'olea misumari na ngazi.

"Hyasinta. Chukua wenzako, chukueni blanketi na daftari, hakuna kingine. Mpite njia ya ng'ombe mpaka kigangoni. Msisimame hata mkiona nini. Nenda."

"Na bibi?"

"Anakuja nyuma yenu. Nenda, nimesema!"

Watoto walipotoka uani aliegemeza ngazi kwenye ukuta wa chumba cha Wankyo, kilichoungana na jiko. Kwa watu wa milimani, mkamwana haingii chumba cha mama mkwe bila kuitwa. Kupanda juu ya paa lake hakukuwahi hata kukatazwa, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaza jambo kama hilo. Alipandisha kanga, akapanda.

"Shemeji!" Mniko alishika ngazi kwa mikono miwili. "Shemeji, unafanya nini? Enoka atasema nini?"

"Atasema mwisho wa mwezi akija. Pokea bati."

Msumari wa kwanza ulilia kama mbwa aliyekanyagwa. Wa pili. Wa tatu. Ndani, sauti ya Wankyo ilipanda.

"Nani huyo juu?"

"Ni mimi, mama."

"Shuka! Shuka, mwezuaji wewe!" Hakukuwa na tusi kubwa kuliko hilo katika bonde lile, watu walikuwa hawajalitamka tangu sabini na nne. "Wale walikuwa na bunduki! Wewe una nini?"

"Nina nyundo, mama."

Bati la kwanza likafunguka, na mvua ikaingia kwa mara ya kwanza kwenye chumba cha Wankyo, ikapiga moja kwa moja kitandani, juu ya blanketi, juu ya picha ya mzee. Pelagia aliona kwa jicho la pembeni na hakujiruhusu kutazama mara mbili. Akatia misumari mdomoni, kwa kuwa misumari ni mali, akateremsha bati. Mniko alisita, kisha akalipokea. Akaanza la pili.

Kule juu mlimani kitu kilipasuka, mlio mmoja mkavu, kama kuni.

Bati la tatu. La nne. Kelele za ndani zilikuwa zimenyamaza. Mlango ukafunguka, Wankyo akatoka amejifunika kaniki, kigoda kichwani, picha ya mzee kwapani, na mkononi kijinga cha moto alichokifunika kwa kifuniko cha sufuria kisizimwe na mvua. Hakutazama juu. Hakumtazama Mniko. Alipita kando ya mabanzi yale mawili kwa kuyazunguka mbali, akashika njia ya ng'ombe walikopita watoto, na akatembea haraka kuliko alivyotembea mwaka mzima ule.

Pelagia alitema misumari kiganjani, akaitia kwenye pindo la kanga, akashuka.

"Mabati mengine je?" aliuliza Mniko.

"Yaache. Mfungue ng'ombe."

Akaichukua ngazi, akaiacha. Akashika kamba ya ng'ombe kutoka mkononi mwa shemeji yake, akamsukuma Mniko mbele, na yeye akafuata nyuma, bila kugeuka, huku akiusikiliza mlima.