Ramani ya Kihoto

Mwanamke aliyekuwa kwenye skrini alikuwa amejifunika blanketi la kijivu mpaka shingoni, na chini ya uso wake jina lake lilitokea kwa herufi nyeupe zilizokaa sawasawa: Mugure Karanja, mkazi wa Kihoto. Najwa Alamin ndiye aliyebonyeza kitufe likatokea. Alilitazama kwa uradhi wa fundi anayeijua kazi yake, akahakikisha halijaugusa ukingo, akawa anangoja wakati wa kuliondoa. Hapo ndipo maneno ya mwanamke yule yalipomwingia.

"Tulipita huko chini kwa sababu ya TV," Mugure alimwambia mwanahabari. "Mchana walionyesha ramani, maji ni buluu. Jioni nikaangalia tena, nikaona barabara ya juu ndiyo iko buluu. Nikajua maji yamefika huko. Nikambeba mamangu mgongoni, tukashuka na ile ya chini."

Mwanahabari, Anyango, alisogeza kipaza sauti. "TV gani hiyo?"

"Si ni hii yenu."

Katika chumba cha kurushia matangazo hakuna aliyemwangalia mwenzake. Jina la Mugure lilibaki kwenye skrini kupita muda wake, likiwa limeandikwa bila kosa hata moja, kwa sababu kidole cha Najwa kilikuwa kimekataa kusogea.

Kilele TV kilikuwa kituo kidogo mjini Nakuru, chenye ofisi zake juu ya duka la vitambaa la mzee Kirit. Chochote kilichoandikwa au kuchorwa juu ya picha, kuanzia majina ya wahojiwa hadi ramani za mvua, kilitoka kwa Najwa au kwa mwenzake Travis. Kabla Najwa hajaajiriwa, diwani mmoja aliweza kuandikwa kwa namna tatu katika taarifa moja, na herufi zilitofautiana kama nguo za mtumba. Yeye ndiye aliyezinyoosha. Alichagua aina moja ya herufi, akazipimia mahali pa kukaa, akakataa katakata jina lolote lirushwe kabla mwenye jina hajaulizwa linavyoandikwa. Kazi hiyo ilimpa fahari ambayo hakuificha. Baba yake, mzee Alamin, fundi cherehani aliyekwisha kustaafu, alikuwa na desturi ya kupunguza sauti ya runinga wageni wanapofika nyumbani kwao mtaa wa Free Area. "Sauti ni ya wengine," angewaambia. "Hayo maandishi ni ya binti yangu."

Lakini ramani hazikuwa zimefikiwa na utaratibu huo. Travis alihudumia habari za mchana, Najwa za jioni, na kila mmoja aliiachia ladha yake uhuru. Masika yalipozidi na Ziwa Naivasha likaanza kuingia mtaa wa Kihoto, maji hayakuja kwa kutembea juu ya ardhi kama mgeni anayebisha hodi. Yalifumka mitaroni na vyooni, hata mzaliwa wa pale hakuweza kusema ni njia ipi itakayozama kesho. Watu wakaitegemea runinga. Mchana Travis aliyapaka maji rangi ya buluu, na njia salama akaitia nyekundu ili ivute jicho. Jioni Najwa aliyapaka maji nyekundu, kwa kuwa nyekundu ni hatari, na njia salama akaipa buluu, rangi ya kituo chao. Kila ramani ilikuwa ya kweli. Zilidanganya zilipowekwa bega kwa bega.

Kwa hiyo Mugure na mama yake walinaswa na maji mtaa wa chini, wakakaa juu ya msingi wa tangi la maji, wamekumbatiana, mpaka wavuvi wakawafikia kwa mashua. Bibi kizee alilazwa hospitalini Naivasha, kifua kikimsumbua.

Taarifa ilipokwisha, mhariri mkuu, Kibii, aliwaita Najwa na Travis ofisini kwake na kufunga mlango.

"Hiyo sehemu ya mwisho tutaikata kwenye marudio," alisema. "Mama ameokolewa. Tusiwe sisi ndio habari."

"Ramani yangu haikuwa na makosa," Travis alisema.

"Hata yangu," alisema Najwa. "Na hilo ndilo linanitisha. Lazima tuwaambie watu."

Kibii alivua miwani, akaifuta kwa tai. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amekipigania kituo kile kisife, na kila jambo alilitazama kwa jicho la mtu aliyewahi kukaribia kufunga. "Tukisema hewani tulikosea, kesho nani atatuamini, Najwa?"

Najwa alichukua mkoba wake. Alitoka na swali hilo, akaenda nalo mpaka nyumbani.

Siku hiyo baba yake hakuwa amepunguza sauti. Alikuwa amesikia kila neno.

"Hiyo ramani anayoisema yule mama," mzee Alamin aliuliza, "ni ya nani?"

"Ni yetu, Baba."

"Yenu au yako?"

"Ya jioni ni yangu."

Mzee alizungusha kikombe cha kahawa kwenye kisahani chake. "Mimi nimewaambia watu miaka yote kwamba kazi ile ni yako. Ikipendeza ni yako." Hakuendelea, na wala hapakuwa na haja. Najwa alibaki amesimama katikati ya sebule na mkoba wake begani, akahisi sehemu iliyobaki ya sentensi ile ikimjia yenyewe na kukaa kifuani.

Asubuhi aliomba nafasi katika gari la Anyango, lililokuwa likirudi Naivasha. Walimkuta Mugure nje ya wodi, akipasha mikono kwa kikombe cha chai. Najwa alimsalimia, akaeleza yeye ni nani.

"Wewe ndiye ulichora?" Mugure aliuliza.

"Ile ya jioni, dada. Na ndiyo iliyowapoteza. Nimekuja kusema pole kwako na kwa shosho, mama yako."

Mugure alimtazama bila hasira. "Ilikuwa nzuri," alisema. "Ilikuwa inang'aa. Mamangu hata alisema, hawa watu wamejaribu."

Najwa angependelea kutukanwa. Aliinamisha macho, kisha akauliza jambo ambalo katika kazi yake yote hakuwahi kumwuliza mtu: "Mliiangalia wapi?"

"Kwa hoteli ya Shiko. Watu wamejaa mpaka mlangoni. Unachungulia kidogo, unaenda."

Hoteli ya Shiko ilikuwa pale maji yalipoishia, mbele yake pamepangwa mifuko ya mchanga. Najwa aliagiza chai na mandazi, akakaa nyuma kabisa, karibu na mlango, akasubiri habari za mchana. Runinga ilikuwa ya zamani, imetundikwa juu ya kabati la vikombe, na rangi zake zilikuwa zimechakaa zikaelekea zote kwenye zambarau. Ramani ya Travis ikaja. Ilipaa hewani, ikazunguka, ikainama, na kabla jicho halijapata pa kutua ikawa imeondoka. Buluu na nyekundu hazikutengana. Majina ya mitaa yalikuwa yamefunikwa na ule mstari wa habari fupi unaokimbia chini. Najwa aliinua simu, akarekodi yote.

"Hapo ni wapi?" mteja mmoja aliuliza.

Shiko, aliyezaliwa mita chache kutoka pale alipokuwa amesimama, alikunja uso. "Sijui. Ni kama ni Nairobi."

Watu walicheka. Najwa naye alicheka, machozi yakimlengalenga. Miaka yote alikuwa ameitazama kazi yake kwenye vioo vya studio, vipya, vilivyorekebishwa rangi na mafundi, katika chumba chenye giza la kufaa. Yule mtazamaji aliyekuwa akimchorea hakuwahi kumwona amesimama mlangoni na mtoto mgongoni, akichungulia. Mchana ule alizunguka miongoni mwa waliokuwa pale akiwauliza, kama mtu mgeni angepotea, wangemwelekeza vipi. Hakuna aliyetaja nambari ya barabara. Walitaja posho mill wanakosaga unga, kanisa la mabati, hoteli ya Shiko. Barabara ya juu, ile iliyokuwa salama, haikuwa na jina lolote. Wengine waliiita ile ya huko, wengine walionyesha kwa kidevu tu.

Aliporudi Nakuru alimpa Travis simu, akamwachia aitazame ile video. Travis aliitazama, akairudia. Najwa akaanza kuchora. Maji aliyachora kwa mistari minene ya mawimbi, yatambulike hata rangi zikifa zote. Barabara ya juu aliipitisha kama mstari mmoja mpana mweupe, wenye kingo nyeusi. Akaweka posho mill, kanisa na hoteli, kwa herufi kubwa, mbali na ule mstari unaokimbia. Ramani haikupaa wala kuzunguka. Ilikaa.

Kibii aliiangalia, mikono kiunoni. "Hii ni kama ya watoto wa chekechea. Wenzetu Nairobi ramani zao zinaruka kama ndege."

"Watu wa Kihoto hawaruki," Najwa alisema. "Wanatembea."

Kibii alishusha mikono.

"Na itakuwa hii hii asubuhi, mchana na jioni," aliendelea. "Mtu akiiona mara moja, awe ameiona. Jana uliniuliza nani atatuamini tukikiri. Nimefikiria. Yule mama ametuamini mpaka akaingia majini na mzazi wake mgongoni. Sisi tulikuwa tumeshaaminiwa, boss. Tulilopungukiwa ni kustahili imani hiyo."

Travis, ambaye alikuwa amejiinamia kwenye mtambo wake tangu mwanzo, aligeuza kiti. "Nimezifunga rangi," alisema. "Hata mimi nikitaka kuzibadilisha, mtambo utakataa." Kisha, kwa sauti ya chini zaidi, "Ile yangu inayozunguka nimeifuta."

Kibii aliwaangalia wote wawili. Akavuta karatasi ya msomaji wa habari, akaandika mwenyewe, akafuta, akaandika tena.

Jioni ile msomaji alisoma bila kupepesa: ramani za kituo zilikuwa zimetumia rangi zilezile kwa maana tofauti, wakazi wa Kihoto wakapotoshwa, na kituo kinawaomba radhi; kuanzia sasa maji ni mawimbi na njia salama ni nyeupe, katika kila taarifa. Kisha ramani ikaja, ikakaa pale, imetulia, mpaka hata mwenye macho hafifu akaweza kuisoma.

Wiki ile ile ziwa lilipanda tena. Anyango alirusha picha moja kwa moja kutoka Kihoto: watu wamebeba magodoro kichwani, mitungi ya gesi, kuku waliofungwa miguu, bibi mmoja na picha ya arusi yake kwenye fremu. Walikuwa wakipanda barabara ya juu kwa mstari mrefu. Penye njia panda, pale ambapo Mugure alikuwa ameshuka, hakuna aliyesimama kuuliza, hakuna aliyeshuka.

"Waangalie," alisema Travis. "Wanaifuata."

Najwa alikuwa amesimama bila kujijua. Fahari aliyoizoea ilikuwa ya kutazama herufi zake na kuona zimenyooka. Hii ilikuwa nyingine. Ilimpanda polepole kama joto la jiko asubuhi yenye baridi, na skrini aliyokuwa akiitazama haikuwa na mchoro wake wowote. Nyuma yao Kibii alisimama, miwani mkononi, akaendelea kusimama hata habari nyingine ilipoanza.

Mvua zilipokatika na maji kurudi yalikotoka, Najwa alisafiri kwenda kumjulia hali mama yake Mugure, aliyekuwa ametoka hospitalini na kuanza kuwagombeza wajukuu. Aliteremka kwenye barabara kuu, mwendesha boda mmoja akamsogelea.

"Sasa, dada. Wapi?"

"Kihoto, karibu na kanisa la mabati."

"Tushuke na chini ama tupite Nyeupe?"

Najwa alidhani hakusikia vizuri. "Tupite wapi?"

"Nyeupe. Hii barabara ya juu." Alionyesha njia ya udongo, nyekundu kama tofali, yenye madimbwi yanayokauka.

"Mbona inaitwa hivyo?"

Mwendesha boda aliangalia barabara ile kana kwamba ndiyo mara ya kwanza kuiona. "Hiyo sijui. Mimi nimekuja hapa juzi tu, nimepata ndivyo inaitwa." Akampa kofia, akawasha pikipiki. "Hiyo ndiyo haina shida."

"Basi pita Nyeupe," Najwa alisema. Alipanda, akafunga kamba ya kofia chini ya kidevu, akageuza uso upande wa ziwa, ili mwendeshaji asimwone kwenye kioo jinsi alivyokuwa akitabasamu.