Jiwe la Michembe

Bernadina alikuwa ameshafagia jiwe na kuanika tenga la kwanza la viazi watu watatu walipoingia uani bila kupiga hodi. Mbele alikuwa Mzee Mihayo, mwenyekiti wa kitongoji. Nyuma yake alikuja kijana aliyevaa reflekta, na wa mwisho alikuwa Gregory, mwenye leseni ya uchimbaji, mkononi ameshika kopo la rangi nyekundu.

Jiwe lilichukua nusu ya ua. Kiwanja hicho Bernadina alikipata kwa bei rahisi kwa sababu hiyo hiyo. Wenyeji waliona hakijengeki. Yeye, mzaliwa wa Didia kwenye majabali, aliona mahali pa kazi. Viazi vitamu vikikatwa vipande na kuanikwa kwenye mkeka masika, huota ukungu na kuwa vyeusi. Kwenye jiwe hupata joto la juu na la chini, na michembe hutoka myeupe, mikavu, inayokaa miezi. Wachimbaji waliipenda kwa sababu haichachi ndani ya duara, shimo la kuchimbia dhahabu. Walijaza mifukoni na kushuka nayo. Michembe hiyo ndiyo iliyomsomesha Loveness, mwanawe, tangu baba yake afariki.

Kosa lilianzia kwenye bonde dogo katikati ya jiwe, ambalo mvua ilikuwa ikituama. Bernadina aliazima nyundo na tindo, akagonga kingo mpaka maji yakapata njia. Alifagia baadaye, lakini si vizuri. Siku chache mbele, mteja wake Makoye aling'ata mchanga kwenye mchembe. Mtu mwingine angekuja kulalamika. Makoye alikuwa mchimbaji. Aliutemea kiganjani, akauangalia juani, kisha akaukung'uta mfuko mzima, akazitwanga chenga na kuziosha kwenye karai. Kilichobaki chini alimpelekea Gregory.

"Shikamoo, mama," alisema kijana mwenye reflekta.

"Marahaba."

Alijitambulisha kuwa ni Herman, mthamini. Alieleza kwa adabu kwamba eneo limo ndani ya leseni ya Bwana Gregory, kwamba mama atalipwa fidia ya nyumba, choo na mipapai. Mali inayohamishika hailipwi, ila mwenye mali hupewa muda wa kuihamisha.

"Na jiwe?" aliuliza Bernadina.

"Jiwe si maendelezo, mama. Maendelezo ni kitu alichokifanya mtu. Jiwe kaliweka Mungu."

"Mungu aliliweka na shimo. Shimo nimeliondoa mimi." Akasogeza vipande pembeni, akamwonyesha alama za tindo. "Gusa. Hiyo ni mikono yangu."

Herman alichuchumaa, akagusa. Alipoinuka alishusha sauti. "Mama Loveness, hilo usilirudie mbele ya mtu mwingine. Kuvunja mwamba wenye dhahabu bila leseni ni kosa."

Gregory akacheka. "Kumbe mama naye ni mchimbaji mwenzetu. Tumekuwa tukinunua michembe kwa mshindani."

Mihayo hakucheka. Alimvuta Bernadina kando, akamsihi kwa Kisukuma akubali tu, mayu, mama yangu, watu wamepoteza zaidi ya hapo. Bernadina alimwuliza ataanika wapi. Mzee alitaja mabati. Alijibiwa kwamba bati huunguza nje na kuacha ndani kubichi. Mihayo mwenyewe alikuwa amekulia Samuye, juu ya majabali kama hilo, na alijua.

Gregory alikuwa ameshafungua kopo. Alama ya mahali pa kuchimba ilitakiwa katikati, palepale palipogongwa. Akaagiza michembe iondolewe.

Bernadina alichukua kipande kimoja, akajaribu kukivunja. Hakikukatika, kilipinda.

"Imekatwa leo. Ikianuliwa sasa inaoza."

"Inakauka lini?"

"Jua likiwaka, keshokutwa."

"Keshokutwa! Mama, mimi nina watu wananisubiri."

"Huyu amesema mwenye mali hupewa muda wa kuihamisha. Mali yangu inahamishika ikikauka."

Gregory alimgeukia Herman. Herman alitazama mipapai, akatazama viatu vyake.

"Ndivyo utaratibu ulivyo," alisema hatimaye. "Tusubiri ikauke."

Gregory alifunika kopo kwa kiganja, akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa. Bernadina aliingia ndani, akatoka na tenga la pili, vipande bado vinatoa maji. Alianza kuvipanga kimoja kimoja, akijaza katikati kwanza, kisha akielekea kingoni, bila haraka. Tenga lilipoisha alijinyoosha kiuno, akarudi jikoni.

Kutoka uani alimsikia Gregory akimwuliza Mihayo kama mle ndani kuna viazi vingine.

Bernadina alikuwa ameshashika kisu na kiazi.