Bomba Lililoinuliwa

Sanduku la bati la Awinja lilikuwa limeshafungwa kwa mpira nyuma ya baiskeli, na Titus, mwanafunzi mwenzake, alikuwa akiisukuma kuteremka kutoka getini mwa chuo. Awinja alifuata na nyundo ya kuazima begani. Hakugeuka kutazama nyuma.

Alikuwa ameondolewa katika kundi la wanafunzi waliolipiwa karo na wafadhili. Sharti la kundi lilikuwa kwamba kila mmoja aongoze kazi ya kuwafaa wananchi. Mwaka ule wa tisini na nne, Awinja aliongoza wenzake kujengea ukuta wenye bomba chemchemi ya kijiji kilicho chini ya chuo, huko Lurambi. Saruji ilipofika, akina mama wakaomba bomba liinuliwe, mtu achote amesimama, mgongo upumzike. Nani angekataa? Wakaliinua. Wageni wakaja, wakapiga picha, wakaenda zao. Mvua zilipokatika, bomba likakauka. Maji yalizuiwa na ukuta, yakashindwa kupanda hadi bombani, yakajitafutia mlango mwingine, yakaibukia katikati ya miwa ya jirani mmoja, Osundwa. Osundwa naye akalizungushia shamba waya, mtu asiingie kuchota.

Bwana Philemon, msimamizi wa kundi, hakupandisha hata sauti. "Aliyeongoza ndiye anayejibu," alisema. "Maji yakirudi kabla chuo hakijafunguliwa, na wewe urudi."

Chemchemini walimkuta bibi kizee Navalayo, kukhu wa kijiji kizima, ameketi juu ya ndoo yake tupu.

"Kumbe kiongozi anahama!" akasema. "Na sisi unatuongoza wapi, mtoni?"

"Kukhu, nimekuja kubomoa."

"Bomoa. Ni mimi nilisema muinue. Huu mgongo ulinidanganya."

"Si wewe, kukhu. Mimi ndiye nilikubali."

"Basi tugawane ujinga, uko mwingi." Akacheka kwa ufizi mtupu. "Zamani tulikuwa tunainamanga hapa, na hakuna aliyevunjika."

Awinja akapiga. Saruji waliyoikoroga kwa mikono yao ilikuwa imeshika kama mwamba. Titus akampokea nyundo, wakapokezana hadi ukuta ukapasuka na kokoto zikamwagika miguuni mwao. Awinja akapiga magoti, akachimba kwa vidole mpaka akalifikia jiwe ambalo maji yalikuwa yakitokea chini yake tangu watu wa pale wazaliwe. Akaingiza kiganja. Udongo ulikuwa baridi, umelowa kidogo, basi.

"Tungoje," Titus akasema.

Wakangoja. Akina mama walikuja na madebe, wakakaa kwenye nyasi, hakuna aliyemlaumu mwenzake. Kivuli kilipowafikia, mmoja akajitwika debe lake akashika njia ya mtoni. Wengine wakamfuata, Navalayo nyuma kabisa.

"Twende, dada," Titus akasema. "Hapa hakuna kitu."

"Najua," Awinja akasema, mkono ungali chini ya jiwe. "Ningojee tu."

Maji hayakurudi. Awinja hakusoma tena. Aliolewa Shianda, akawa anauza nyanya sokoni. Titus alimaliza chuo, akapelekwa kufundisha Lumakanda. Bwana Philemon alipandishwa cheo. Navalayo aliugua taifodi kabla mwaka haujaisha, akazikwa nyumbani kwake. Osundwa hakuondoa waya. Kundi la mwaka uliofuata lilipaka rangi zahanati.